Mwalimu Methodius na Majani ya Lambo la Nkololo

Mwalimu Methodius alifika Bariadi akiwa kijana mwembamba, na begi moja na boksi la vitabu lililofungwa kwa kamba ya katani. Alitokea Muleba, kwenye migomba, na siku za mwanzo alikuwa anasimama nje ya ofisi ya walimu akitazama ile nchi tambarare, pamba upande huu, ng'ombe upande ule, kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho sicho. Alipangiwa kufundisha Baiolojia. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili, na meza zetu zilipakana mpaka siku alipoacha kazi. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine nilisimuliwa na mke wake, Jenipha, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi.

Chuoni alikuwa amefanya kazi na mhadhiri mmoja aliyechunguza aina ya mwani wa maji baridi. Mwani huo ni kama nyuzi za kijani zinazoota chini ya maji yaliyotulia, na seli yake moja inaweza kuwa ndefu kama kidole cha mtu mzima. Methodius aliahidiwa nafasi ya kuendelea na masomo juu ya seli hiyo. Kisha mhadhiri akaondoka nchini, nafasi ikafa, na barua ya ajira ikaja. Akaichukua. Sikuwahi kumsikia akilalamika, lakini ile seli haikumtoka kichwani.

Akaja kuikuta tena kijijini Nkololo, siku aliyokwenda kuposa. Baba yake Jenipha, mzee Masunga, alikuwa na lambo dogo nyuma ya boma lake. Wakati washenga wakijadiliana ng'ombe, kijana akatoka kwenda kunawa. Alirudi suruali imelowa mpaka magotini, mkononi ameshika bonge la majani yanayonuka kama kitunguu saumu kilichooza.

"Kijana, umeanguka?" mzee Masunga akamuuliza.

"Yaya, hapana, baba. Nimeona kitu."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Binti alitolewa hata hivyo, na kila msimu wa maji Methodius akawa anapanda pikipiki kwenda Nkololo, watu wakidhani anawapenda sana wakwe zake. Aliwapenda pia.

Shuleni alipewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Humo akaweka ndoo za maji ya lambo, hadubini ya shule, na mtambo alioutengeneza kidogo kidogo kwa miaka. Waya mbili za fedha alizipata kwa sonara. Amplifaya alitengenezewa na Nassib, fundi simu wa Somanda, ambaye kila mara alimwambia kwamba vifaa vile vingetosha kutengeneza redio nzuri tu. Galvanometa ilikuwa ya zamani, ya maabara ya Fizikia, kioo chake kimepasuka kona.

Nakumbuka mara ya kwanza aliponiita. "Njoo uone, mwalimu wa fasihi."

Nikainama kwenye hadubini. Niliona mistari ya punje za kijani zimetulia, na chini yake ute ukitembea, upande mmoja unapanda, upande mwingine unashuka, bila kusimama, kama msafara wa siafu.

"Hiyo ni seli moja tu," alisema. "Inajizungusha hivyo mchana na usiku. Sasa angalia vizuri."

Akachukua kijiti cha kioo akaigusa kwa juu, akikandamiza kidogo. Ute ukasimama. Haukupunguza mwendo, ulisimama papo hapo. Mezani mshale wa galvanometa uliruka ukarudi.

"Umeiua?"

"Hapana. Imeshtuka. Subiri."

Tulisubiri tukizungumza mambo ya mitihani. Nilipoinama tena, punje moja ndani ya ute ilikuwa inasogea kwa kusitasita, halafu nyingine, na baadaye msafara mzima ukawa unatembea.

Wanafunzi wake aliwaeleza hivi, nami nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta. Mtihani ni wa Kiingereza, aliwaambia, lakini hili nalisema kwa Kiswahili ili liwaingie. Seli imejaa maji yanayosukuma kuta zake kutoka ndani, kama tairi la baiskeli lililojazwa upepo. Ndani yake kuna chaji hasi zaidi kuliko nje. Ukiikandamiza, utando wake unavutika, na kwenye utando kuna vijilango vidogo sana vinavyofunguka kwa kuvutwa. Kalsiamu inaongezeka ndani, kloridi inakimbilia nje, na umeme wa seli unabadilika ghafla. Ukigusa kidogo, umeme unabadilika kidogo halafu unatulia. Ukigusa kidogo mara mbili kwa haraka, vile viwili vinajumlishana. Ukivuka kiwango fulani, ishara nzima inalipuka na kukimbia kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Haina ubongo, haina mishipa ya fahamu, lakini imejua kwamba imeguswa.

"Mlango upi unaofunguka kwanza?" msichana mmoja alimuuliza siku hiyo.

"Wataalamu bado wanabishana," alijibu, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba hakuna swali lililompendeza zaidi ya hilo mwaka ule.

Wakapata mtoto mmoja, Maximiliana. Jenipha alikuwa na duka la vitenge karibu na stendi. Maisha yao yalikuwa ya kawaida, na nyumba yao ilikuwa ya kwanza niliyoenda nikiwa na shida na ya kwanza niliyoenda nikiwa na furaha.

Kisukari kilianza kwa kiu. Alikuwa anakuja darasani na chupa kubwa ya maji, wanafunzi wakimtania kwamba ameanza kufuga mwani tumboni. Alipopimwa hospitali, sukari ilikuwa juu sana. Akapewa vidonge na maelezo. Jenipha akapunguza ugali, akaficha michembe ya viazi vitamu, akamnunulia viatu vya kufunika vidole. Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha ikawa kama inavyokuwa kwa wengi: vidonge vikiisha leo, anasema atafuata kesho, na kesho kuna kikao, na akijisikia mzima haoni sababu ya haraka.

Miguu ikaanza kumsumbua. Kwanza ganzi ya vidoleni, halafu moto. Jioni alikuwa anaiweka ndani ya beseni la maji na kusema inawaka kama amekanyaga majivu. Shuka likimgusa analirusha. Hali hiyo ilidumu muda mrefu, na Jenipha alizoea kulala akisikiliza mume wake akigeuka.

Halafu moto ukapungua, na ikafika siku ukaisha kabisa.

Nakumbuka asubuhi alivyoingia ofisini akitabasamu. "Miguu imepona," alituambia. "Nimelala kama mtoto." Tukampongeza. Jenipha alikwenda kanisani kutoa shukrani. Hakuna kati yetu, hata yeye aliyejua mambo ya seli kuliko sisi wote, aliyefikiri kwamba kimya kile kingeweza kuwa kitu kingine.

Mwaka ule palitangazwa maonyesho ya sayansi ya shule za mkoa. Methodius aliingiwa na ari ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu ujana. Alitaka kupeleka mtambo wake, mbele ya watu, mshale uruke. Akaenda Nkololo kuchukua mwani mpya. Kiangazi kilikuwa kimeanza, maji ya lambo yamerudi nyuma, na ukingoni palikuwa na tope lililokanyagwa na ng'ombe, limechanganyika na matawi ya mgunga ya uzio wa zamani.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia mkwewe.

"Mwangaluka. Vaa mabuti, mkwe. Huko kuna miiba."

Alivaa mabuti ya mpira ya mzee. Akaingia, akachota, akafurahi. Mwiba ulipenya soli ya buti la kulia na kuingia chini ya kidole gumba. Hakujua. Alitoka majini, akavaa viatu vyake, akanywa chai na wakwe, akapanda pikipiki mpaka mjini, na kesho yake akasimama darasani vipindi vyote. Keshokutwa pia.

Aliyegundua ni Jenipha, kwa pua. Alikuwa anakusanya nguo za kufua akasikia harufu kwenye soksi. Akaigeuza. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama gamba.

"Baba Maxi, hebu lete mguu."

"Mguu una nini?"

"Wewe lete."

Alipouinua alikuta tundu jeusi limezungukwa na ngozi nyeupe iliyolowa, na katikati kipande cha mwiba kimesimama. Alikichomoa kwa kucha. Usaha ukafuata. Aliniambia kwamba kilichomtisha hakikuwa usaha. Alikuwa anamtazama mume wake usoni wakati anauchomoa ule mwiba, na mume wake alikuwa anasoma gazeti.

Zahanati walimsafisha, wakamfunga bandeji, wakamwambia aende hospitali asubuhi. Lakini asubuhi ile ndiyo iliyokuwa ya maonyesho. "Nikirudi naenda," alimwambia Jenipha. "Hata hakiumi." Jenipha alimfuata mpaka barabarani akimsihi. Methodius alishika lile neno, hakiumi, kama cheti cha daktari.

Nilikwenda naye kumsaidia kubeba. Tulipewa meza chini ya turubai. Jua lilikuwa kali, na mwani hauvumilii maji ya moto. Mpaka wakaguzi wanatufikia, seli alizozipanga zilikuwa zimelegea, ute umesimama wenyewe. Aligusa moja, mshale ukatulia. Akagusa nyingine. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye sahani. Ya tatu ilitoa mruko mdogo ambao ni mimi na yeye tu tuliouona, kwa sababu tulijua pa kutazama. Mkaguzi mmoja, mama mpole, alimuuliza kama ana picha au video ya jaribio likiwa linafanya kazi. Hakuwa nayo. Wakaandika, wakashukuru, wakaenda meza ya jirani kwenye mashine ya kupukuchua mahindi.

Alisimama pale siku nzima. Kila aliyekuja alimweleza tena kutoka mwanzo. Nilimwambia akae, akanijibu kwamba hajachoka. Tulipofungasha nikaona kiatu chake cha kulia kimelowa na kuacha alama kwenye vumbi.

Homa ilimkamata kabla hatujafika nyumbani.

Hospitali alipokelewa na daktari kijana, Joyceline, naye mtu wa kwao Muleba. Alimwanzishia dawa za mshipa, akaosha kidonda, na hali ilipotulia kidogo akaleta kifaa kimoja: mpini wa plastiki wenye uzi mfupi mgumu kama wa kuvulia samaki. Jenipha alikuwa amesimama ukutani.

"Mwalimu, funga macho," alisema daktari. "Nitakugusa na huu uzi. Ukisikia, sema ndiyo."

Akamgusa kwanza mkononi.

"Ndiyo," alisema Methodius. "Ndiyo. Ndiyo."

Kisha kimya. Jenipha aliona uzi ukikandamizwa kwenye nyayo mpaka unapinda, unainuliwa, unahamia pengine, unapinda tena. Kisigino, chini ya vidole, kidole gumba. Mume wake alilala macho yamefumbwa, uso umetulia, akisubiri.

"Endelea tu, daktari," alisema. "Niko tayari."

"Nimeshamaliza mguu wa kulia, mwalimu. Sasa niko wa kushoto."

Akafumbua macho. Aliutazama uzi uliopinda juu ya unyayo wake.

"Kilichokufa ni nini?" aliuliza. "Ile sehemu inayopokea mgandamizo, au mshipa unaopeleka ishara?"

Joyceline alishangazwa na swali, lakini alilijibu vizuri. "Hasa ni mishipa yenyewe. Sukari imeiharibu, kuanzia ile mirefu zaidi, ndiyo maana inaanza na vidole vya miguu. Ulikuwa unasikia moto, si ndiyo? Halafu ukaacha?"

"Nikasema nimepona."

"Wengi wanasema hivyo."

Jenipha alisema kwamba hapo mume wake aligeukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akamwona analia. Hakulia kwa sauti.

Walijaribu kuuokoa mguu. Walikata kidole gumba, na kwa siku chache ikaonekana kama sumu imekoma. Haikukoma. Weusi ulipanda kupita kifundo, wakampeleka Mwanza, na huko wakaukata chini ya goti. Mzee Masunga alisafiri kwenda kumwona, mtu ambaye hapendi miji. Alikaa kando ya kitanda na kofia mapajani.

"Mimi ndiye niliyekupa yale mabuti," alisema.

"Baba, ungenipa hata mabuti ya chuma, ningekanyaga kitu kingine siku nyingine."

"Ningeondoa ile miiba. Nilikuwa naiona kila siku."

Hawakuweza kufarijiana. Mzee alikaa mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha, akaenda stendi.

Nyumbani, ndoo za mwani tulizorudi nazo kutoka kwenye maonyesho zilikuwa zimekaa bila mtu. Maji yaligeuka kahawia. Maximiliana, aliyekuwa kidato cha tatu, alizimwaga kwenye mchicha, akazisugua kwa sabuni, na siku baba yake aliporudi na magongo hakukuwa na alama yoyote. Chumba cha shule kilikuwa kimerudishiwa majembe, na sasa kilikuwa na viti vibovu pia. Mkuu wa shule alimtafutia darasa la chini lisilo na ngazi. Methodius alifundisha kwa muhula mmoja akiwa amekaa. Alipofika mada ya mwitikio wa viumbe, alisoma kitabuni neno kwa neno, kwa Kiingereza, akafunga kitabu, akawaambia wanafunzi wanakili michoro. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mguu wa bandia alipata, lakini ulimchubua kigutu, na mchubuko nao aliugundua kwa damu. Aliuweka chini ya kitanda. Muhula uliofuata aliomba kustaafu kwa sababu ya afya, na wakahamia Nkololo, kwenye kiwanja alichowapa mzee Masunga. Jenipha akahamishia duka gulioni.

Niliwatembelea mara kadhaa. Mara ya mwisho nilikwenda na Felisita, mwalimu mpya wa Baiolojia, binti mwenye bidii aliyesikia habari za mtambo na kunibana nimpeleke. Methodius alimpokea vizuri. Alimchorea seli kwenye karatasi, akamweleza zile waya za fedha zinavyopakwa rangi ya kijivu kwa dawa ya kung'arishia nguo, namna ya kutenganisha vikopo viwili kwa mafuta ya mgando ili umeme usivuje. Kwa muda sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Kisha Felisita akauliza anaweza kupata wapi mwani wenyewe.

"Hapo nyuma palikuwa nao," alisema. "Walileta mashine wakalichimba lambo liwe na kina. Ng'ombe wanapata maji mpaka Oktoba sasa. Ni jambo zuri. Lakini mwani haujarudi."

"Utarudi, mwalimu?"

"Sijui."

Wakati tunaaga, Jenipha alikuwa anamkagua mguu wa kushoto. Anafanya hivyo kila jioni, kiti kimeelekezwa kwenye mwanga, anatenganisha kidole na kidole, anapitisha kiganja kwenye unyayo. Safari hii mkono wake ulisimama kisiginoni. Palikuwa na lengelenge dogo, jeupe, mahali ukingo wa kiatu unapokaa.

Hakupiga kelele. Alimwambia Maximiliana amwite Constantine, jirani yao mwenye gari ndogo ya kubebea pamba, nasi tukamsaidia mwalimu kupanda. Jenipha alikaa nyuma pamoja naye, ameuweka ule mguu mapajani mwake, ameushika kwa mikono miwili.

"Mama Maxi, unaushika sana?" alimuuliza.

"Sana."

"Mimi najua kwa kukuangalia tu."

"Basi niangalie," alisema Jenipha.

Daktari Joyceline aliwaambia wamewahi. Kidonda kilichukua miezi kufunga, miezi ambayo Jenipha hakufungua duka, na kilipofunga kiliacha kovu jembamba. Methodius bado yuko Nkololo. Anafundisha watoto wa jirani hesabu na Kiingereza barazani, amekaa kwenye kiti cha kamba. Macho nayo yameanza kufifia, na hospitali wamesema chanzo ni ile ile sukari. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama naweza kumpatia kitabu chenye maandishi makubwa. Nilimuuliza cha somo gani. Akasema chochote, hata cha Kiswahili.

Nimemtumia viwili kupitia Constantine.